Sanduku, tundu na jicho: jinsi mchezo wa vikaragosi wa mtazamaji mmoja unavyofanya kazi

Mtu akisikia kuna mchezo wa kuigiza wa dakika tatu unaochezwa ndani ya sanduku kwa mtazamaji mmoja mmoja, huuliza kwanza: kwa nini mmoja? Jasho lote la kuchonga, kushona, kurekodi na kubeba, halafu uonyeshe mtu mmoja huku ishirini wamesimama kwenye foleni? Si bora kutoboa matundu matano? Swali hilo ni la haki, na anayetaka kutengeneza sanduku lake hapa Dar es Salaam anapaswa kulijibu kabla hajagusa msumeno, kwa sababu jibu ndilo litakalompa urefu wa kikaragosi, mahali pa taa, namna ya kuandika mchezo, hata bei ya kuchungulia.

Sanaa hii kwa sura yake ya sasa ilianzia Brazili. Mwaka 1989, mjini Salvador katika jimbo la Bahia, wanawake wawili wachezesha vikaragosi, Ismine Lima na Denise dos Santos, walitaka kuonyesha kuzaliwa kwa mtoto kwa kutumia kikaragosi. Uzazi si jambo la kuanikwa mbele ya kadamnasi, basi wakauingiza ndani ya sanduku, wakaacha tundu, na mtu akachungulia peke yake. Umbo walilitoa kwa wapiga picha wa mitaani wa huko, waliokuwa wakisimama viwanjani na kamera ya sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Wapiga picha hao waliitwa lambe-lambe, na mchezo ukarithi jina hilo. Kutoka Salvador umesambaa Amerika ya Kusini na kuvuka hadi Ulaya.

Sanduku la kuchungulia lenyewe ni la kale zaidi. Kairo na miji ya Sham (Siria na jirani zake) walikuwa na sanduq al-dunya: mtu anabeba sanduku mgongoni, analitua kiwanjani, watoto wanakaa kwenye benchi, kila mmoja na tundu lake, naye anazungusha picha huku akisimulia. Lakini pale picha ni zilezile kwa kila tundu, na watoto watatu au wanne wanatazama kwa mpigo. Mchezo wa lambe-lambe una kikaragosi kinachojua kwamba kuna mtu mmoja tu mbele yake. Hapo ndipo njia zinapoachana.

Kipimo huanzia tunduni

Kwenye ukumbi, mchezeshaji hufanya kazi kwa kukadiria: aliye mstari wa mbele anaona kupita kiasi, aliye nyuma haoni cha maana. Ndani ya sanduku, unajua jicho liko wapi kwa sentimita. Ni faida kubwa ambayo jukwaa la kawaida halina, na wengi huipoteza kwa kuanza na sanduku lolote walilolikuta nyumbani, kisha kutafuta pa kutoboa.

Anza na jicho. Mtu mzima mwenye macho mazuri huona kitu bila kujikaza kikiwa kuanzia sentimita 25 hivi. Akishapita miaka arobaini na kitu, lenzi ya jicho hukakamaa na umbali huo hurefuka, ndiyo maana wazee hunyoosha mkono wakisoma ujumbe kwenye simu. Sanduku lililopimwa kwa jicho la kijana wa miaka 22 litamnyima mama wa miaka 55 mchezo mzima. Ataona ukungu, atasema "nzuri," ataondoka, na hutajua kamwe kwamba hakuona kitu. Weka jukwaa sentimita 40 kutoka tunduni na wengi watakuwa salama.

Sasa piga hesabu. Kikaragosi cha sentimita 10 kilichosimama sentimita 40 kutoka jichoni huonekana na ukubwa uleule wa mtu wa mita 1.65 aliyesimama mita 6.6 mbele yako. Maana yake mtazamaji wako amekaa viti vya mbele kabisa. Ukikisogeza hadi sentimita 20, ni kama mtu huyo amekukaribia hadi mita 3.3, kinashtua, lakini jicho la mtu mzima halitaweza kukishika vizuri, kwa hiyo usikiweke hapo kwa zaidi ya sekunde chache. Wanaoingia kwenye sanaa hii hudhani ugumu uko kwenye udogo wa vitu. Udogo hauna tabu. Tabu ni kwamba mtazamaji yuko karibu mno, na makosa yote anayaona.

Tundu liwe la jicho moja au mawili? La jicho moja, lenye kipenyo cha sentimita 3 au 4, lina uwezo wa kudanganya: jicho moja halipimi umbali vizuri, hivyo uchochoro uliochorwa kwenye kadibodi huonekana unaingia ndani kweli. Lakini watu wengi hawawezi kufumba jicho moja dakika tatu bila kuchoka, wataanza kubadilisha jicho katikati ya mchezo na kupoteza tukio. Kwa sanduku la kwanza tunashauri tundu la macho mawili, upana sentimita 14 na kimo sentimita 5, lenye mkato wa pua chini yake. Linamfaa hata mwenye miwani. Zungushia kingo zake sponji ya godoro ya unene wa sentimita 2, iliyovikwa kitambaa cheusi kinachofutika.

Ukijumlisha sentimita 40 za umbali, sentimita 12 za kina cha jukwaa na nafasi ndogo ya nyuma, unapata sanduku lenye kina cha sentimita 55. Upana 60 na kimo 45 vinatosha. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 hutoa pande zote sita na kubakiza vipande vya jukwaa na vizuizi vya mwanga. Ya milimita 6 itakupa sanduku la takriban kilo 6 kabla ya miguu na taa. Funga pembe kwa gundi ya mbao na skrubu, na mlango wa nyuma kwa bawaba. Gundi ya kuyeyusha kwa moto usiitegemee kwa kitu chochote kinachobeba uzito: sanduku likisahaulika juani saa saba mchana, gundi hiyo hulainika na mandhari yako yanaanguka kimyakimya ndani, mtazamaji ndiye anayekuja kukuambia.

Jua la Dar

Masanduku mengi huharibikia kwenye mwanga. Mchana wa jua kali, mwanga wa nje unaweza kufika laksi 100,000. Ndani ya sanduku una makumi kadhaa tu. Mboni ya jicho hupanuka ndani ya sekunde chache, lakini retina huhitaji dakika kadhaa kuzoea giza. Mchezo ukianza na usiku wa mbalamwezi, mtu aliyetoka kwenye kituo cha daladala hataona chochote mpaka karibu mwisho. Kwa hiyo mpangilio ni huu: sekunde 30 za kwanza mwanga wa kutosha, kitu kikubwa na cheupe au cha njano machoni, kisha ushushe polepole. Giza liwe zawadi ya mwisho. Na sanduku likae kivulini, chini ya mkungu au mwembe, tundu likitazama upande usio na jua, kwa sababu mwale mmoja ukipita begani kwa mtazamaji huingia naye.

Taa zenyewe zikae upande wa mtazamaji, juu ya tundu na kwenye pembe mbili, zimefichwa kwa kizuizi cha sentimita 4 ili asione chanzo. Zielekeze zikate jukwaa kwa ubavu, siyo kupiga ukuta wa nyuma. Ukifanya hivyo unapata pazia la mwanga lenye kina cha sentimita 10 hivi: kikaragosi kinaingia ndani yake na kuonekana, mikono yako inabaki nyuma yake na kupotea. Pazia hilo hufanya kazi kuliko glovu za bei ghali. Nyuma na sakafuni weka mahameli nyeusi, maana rangi nyeusi ya kawaida hung'aa ikipigwa na taa ya ubavuni. Kosa linalojirudia ni taa kuelekea upande wa mchezeshaji; mtazamaji anaona jozi ya macho ikielea juu ya kijiji.

Utepe wa LED wa volti 5 unaotumia wati 5 utaendeshwa na pawabenki ya mAh 10,000 kwa takriban saa sita. Kuna mtego hapa. Pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaovutwa ni kidogo sana, zikidhani simu imeshajaa. Unaposhusha mwanga kwa ajili ya tukio la usiku, inakatika yote. Ijaribu nyumbani kwa mwanga wa chini kabisa kwa dakika tano. Ikizima, ongeza taa ndogo ya pili nje ya sanduku inayowaka muda wote.

Nje paka rangi nyeupe au ya kung'aa, ndani nyeusi. Sanduku jeusi nje linapendeza kwenye picha na kuchoma vidole mwezi wa Februari. Kitambaa cha kujifunikia mchezeshaji kiwe cha pamba, safu mbili, nyeupe juu na nyeusi chini. Pembeni mwa sanduku, pale mikono inapoingia, shonea mikono ya fulana nyeusi ya mtumba yenye mpira kwenye kifundo, mwanga hautapenya. Wakati wa kusi na kaskazi, hasa Coco Beach, upepo huinua kitambaa katikati ya mchezo. Ingiza nati ndani ya pindo, moja kila sentimita 15, kitatulia.

Kikaragosi

Kichwa kiwe robo ya mwili mzima, yaani sentimita 2.5 kwa kikaragosi cha sentimita 10, ingawa kwa binadamu kichwa ni karibu sehemu moja ya saba na nusu ya urefu. Kipimo cha kweli hufanya uso upotee. Kichwa chonga kwa mti laini au finyanga kwa karatasi za magazeti na uji wa unga wa ngano, kiache kikauke kabisa (wakati wa masika hesabu siku tatu, siyo moja), kisha msasa. Viungo vifunge kwa vipande vya kitambaa, si kwa waya, ili mkono ushuke kwa uzito wake. Miguuni tia chubwi ndogo za mshipi, kikaragosi kisimame chini na kuacha kuelea.

Ufito wa kukichezeshea uingie kisogoni, kwa mlalo, kutoka nyuma. Spoku ya baiskeli inafaa sana: ina unene wa milimita 2, haipindi ovyo, na fundi baiskeli atakupa za zamani. Ikwaruze kwa msasa kabla ya kupaka rangi nyeusi isiyong'aa, la sivyo rangi itabanduka na kuacha mstari wa fedha. Vijiti vya mishikaki vinafaa kwa mazoezi tu. Unyevu wa Dar huvipinda. Nyuzi kutoka juu, kama za vikaragosi vya kuning'inia, hazifai kwenye kimo cha sentimita 45: hazina urefu wa kutosha kutulia, kila tetemeko la kidole linafika chini likiwa limekua.

Usichore tabasamu. Uchonge paji lililojitokeza kidogo juu ya macho, na taa ya juu itaweka kivuli pale. Ukiinamisha kichwa kinaonekana kina huzuni, ukikiinua kinafurahi. Kwa umbali wa sentimita 40, kugeuza kichwa kwa milimita mbili kunaonekana. Basi tendo moja, kisha kutulia, kisha jingine. Kikaragosi kinachotikisika muda wote ni dalili ya mchezeshaji mwenye hofu.

Dakika tatu zenye mtu mmoja

Chukua mchezo huu wa muuza kahawa. Sekunde 25 za mwanzo mwanga umejaa, baraza jeupe, na kwenye hedifoni vikombe vinagongana kutoka sikio la kushoto vikija katikati. Muuza kahawa anaingia na birika lake, anatua, anapanga vikombe viwili. Hadi dakika ya kwanza anamimina kimoja, anakiweka ukingoni mwa baraza, na jua linaanza kushuka. Dakika ya pili yote hakuna mteja. Anakaa. Anagusa kikombe, anaona kinapoa, anakimwaga, anamimina kingine. Ikitimu dakika mbili anainua kichwa taratibu na kutazama tunduni moja kwa moja. Hapo mchezeshaji anahesabu hadi nne bila kupumua. Kisha muuza kahawa anasimama, anachukua kikombe, anatembea hadi sentimita 25 kutoka machoni pa mtazamaji na kukinyoosha. Wakati huohuo mkono wa pili unavuta uzi unaofunua kopo dogo chini ya tundu, lenye kahawa ya kweli ya tangawizi. Harufu inafika. Taa inazimwa, vikombe vinagongana vikienda mbali.

Toboa matundu matano kwenye sanduku hili uone. Kikombe ni kimoja. Kikinyooshwa kwa watu watano hakijanyooshwa kwa yeyote, na macho ya kikaragosi yakielekea tundu la katikati, wanne waliobaki wanatazama ubavu wa kitu kisichowahusu. Mchezo wa mtazamaji mmoja huandikwa kuzunguka tendo linalomhitaji mtu mmoja: kupewa, kutazamwa, kuombwa siri, kuulizwa njia. Hadithi ambayo ingeweza kuchezwa ukumbini bila kupoteza kitu, icheze ukumbini.

Harufu nayo ina masharti yake. Kahawa ikipoa hainukii, kwa hiyo ibadilishe kila nusu saa kutoka kwenye chupa ya chai. Kopo lifungwe kwa mfuniko wenye mpira, na baada ya kila mtazamaji fungua mlango wa nyuma upepee kwa kipande cha kadibodi, la sivyo anayefuata anapata mwisho kabla ya mwanzo.

Sauti ipite kwenye waya. Hedifoni za bluetooth nyingi huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde inayotosha kikombe kuonekana kimegonga kabla hakijasikika. Tumia kipande cha waya kinachogawa sauti mara mbili, moja kwako, moja kwake, na simu iwe kwenye hali ya ndege. Hedifoni ziwe kubwa, za kufunika sikio lote: zinakaa juu ya hijabu na mtandio bila mtu kulazimika kujifunua, na zinapunguza honi za bodaboda. Zifute kwa spiriti kila mara, mbele ya anayefuata, aone.

Barabarani

Anayepita Kariakoo amefundishwa na mji kuogopa kijimeza kilichozungukwa na watu. Kwa kawaida ni utapeli wa karata tatu. Sanduku lenye kitambaa cha kujifunika na vinyago ndani huongeza na hofu ya uganga. Dawa ni uwazi. Kabla ya kuanza, fungua mlango wa nyuma dakika kumi, watu waone plaiwudi, taa na kikaragosi kimelala. Hakipungui utamu, aliyekiona kimelala hutaka zaidi kukiona kikiwa hai. Nje vika kanga yenye jina linalotangaza mchezo, watu husoma kanga hata wasiposoma bango.

Mtazamaji anayeweka uso kwenye tundu ameacha mkoba wake mikononi mwa mji. Hatatulia akifikiria hilo. Weka ndoano au rafu ndogo chini ya tundu, mbele ya magoti yake, mkoba umguse muda wote. Mtazamaji usimfunike kichwa. Tundu lenye sponji linatosha, na wanawake wengi hawatakubali kuzibwa uso hadharani. Kwa stuli ya sentimita 45, katikati ya tundu iwe takriban sentimita 115 kutoka chini. Miguu iwe na matundu ya boliti kila sentimita 5, ili sanduku lishuke kwa mtoto au kwa mwenye kiti cha magurudumu.

Lazima muwe wawili. Mmoja ndani, mmoja kwenye foleni, na wa foleni ndiye anayebeba nusu ya kazi: anaeleza mchezo ni wa dakika ngapi, anawazuia watoto wasigonge ubavu, anampa nafasi aliyetoka akae kimya kidogo kabla hajaulizwa "umeona nini?" Wasimuliaji wapo, na watafichua mwisho. Waache. Mwisho uliosimuliwa hauna harufu.

Kuhusu fedha, hesabu inabana. Dakika tatu za mchezo na mbili za kumkalisha, kumvisha na kupanga upya ni dakika tano. Kwa karatasi ni watu 12 kwa saa. Kwa kweli mikono huchoka, na wanane ndiyo kasi inayodumu. Kwa saa nne, ukitoza shilingi 1,000, ni 32,000 za kugawana wawili kabla ya nauli na chakula. Njia ya uhakika zaidi ni kulipwa na mwenye eneo au tamasha kwa siku nzima, watazamaji wachungulie bure. Nafasi Art Space pale Mikocheni, Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, viwanja vya Sabasaba wakati wa maonesho, au Tamasha la Bagamoyo ni mahali ambapo mtu ana muda wa kungoja. Stendi ya mabasi haina muda huo.

Vibali anzia ofisi ya serikali ya mtaa, kisha manispaa, na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kwa shughuli ya sanaa. Nenda na sanduku lenyewe, siyo maelezo ya karatasi. Ofisa akishachungulia, mazungumzo huwa mafupi. Ukipanga kukaa Kivukoni, kumbuka uko jirani na Ikulu, mahali ambapo kupiga picha hakuruhusiwi, na sanduku la miguu mitatu lenye tundu na mtu aliyejifunika kitambaa linafanana na kamera kuliko kitu kingine chochote. Zungumza na askari kabla ya kulitua, na umpe nafasi ya kwanza ya kuchungulia.